Kengele ya Karakana

Shafti ya pampu ya maji ilikuwa imekatika, na tangu juzi mabomba ya mji mzima yalikohoa hewa tu. Salha aliichora upya kwenye kompyuta, kisha akaipachika ndani ya mchoro wa kila chuma alichokuwa amekipima karakanani, akitafuta kimoja kitakachoimeza yote na kubakiza kidogo cha kukereza. Vingi vilikuwa vifupi, vingine vyembamba. Kimoja tu kiliikubali.

"Kipi hicho?" akauliza Mzee Kombo, fundi mkuu.

"Kengele yako, mzee."

Ilikuwa ekseli ya lori aliyoitundika mwenyewe mlangoni, akiigonga kila asubuhi kuwaita mafundi kazini.

"Siku ile unaipima nilikucheka. Kumbe ulikuwa unaichimbia kaburi!"

"Nilipima kila chuma, mzee. Hata kitanda chako cha mchana."

"Tafuta tena."

"Nimeshatafuta. Ni hii, au watu waendelee kunywa maji ya dimbwi."

Kombo akachukua nyundo, akaigonga kengele mara moja, kwa nguvu zake zote. Mafundi wakatoka mbio. Salha akapanda ngazi kufungua mnyororo, na alipokishika chuma, kilikuwa bado kinatetemeka.