Mkwe wa Kitanda cha Nne

“Vua blauzi, mama,” muuguzi alisema.

Mjane akageuka kutazama nyuma, akidhani anaambiwa mwingine. Hakukuwa na mwingine. Tangu amzike mumewe, miaka tisa sasa, hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo, na hata marehemu alikuwa akianza kwa salamu.

“Mtoto ana baridi,” muuguzi akaeleza. “Amezaliwa kabla ya siku zake, joto linamkimbia. Mama yake ana homa na mshono, hawezi kumkumbatia. Tunamfunga kifuani mwa mtu mzima, ngozi kwa ngozi, kutwa nzima. Jioni joto lisipopanda, itabidi apelekwe hospitali kubwa, na safari ile simtakii. Afadhali umefika. Siku ya pili leo binti huyu hana mtu.”

“Na mume wake?”

“Mwanamume hatujamwona.”

Mjane akasonya. Jana tu mwanawe alimwambia kwenye simu kwamba yupo hapo hospitali, haondoki. Mwongo mkubwa! Angempigia amwambie ukweli wake, ila simu ilizima tangu njiani, kama kawaida yake. Lakini maelekezo aliyakumbuka: wodi ya wazazi, kitanda cha nne. Alipoingia getini hakumuuliza mtu. Kuuliza njia ni kwa wasiojua, na yeye kwenye kikundi chao cha sala walimwita Daktari. Kwa nini walicheka kila walipomwita hivyo, hilo hakuwahi kuuliza pia.

Mkwe wake alimjua kwa picha moja ya harusi, maana siku ile mjane alikuwa kalazwa na malaria. Na kwenye picha za harusi mabibi harusi wote ni ndugu, poda moja, nyusi moja. Huyu aliyelala hapa midomo imempasuka, macho yamevimba. Alimtazama mjane, akatazama mlango, akamtazama tena.

“Mama, nani amekutuma?”

“Mungu, na miguu yangu. Kwani ulimtegemea nani?”

Binti akajifunika shuka usoni. Aibu ya mkwe, mjane akawaza, akaipenda.

“Huyu ni nani wako?” muuguzi akamuuliza binti, kalamu mkononi.

Binti akashusha shuka hadi machoni, akamtazama mjane. Kisha: “Ni mama yangu.”

Hakusema mama mkwe. Mjane akavua blauzi.

Mtoto alikuwa mwepesi kama mkate, na miguu yake kifuani ilikuwa baridi kama vijiko. Muuguzi akamfunga kwa kitambaa kipana, akamvalisha kofia.

“Kitovu mnapaka nini?” mjane akauliza, ili ajulikane kwamba si mgeni wa mambo hayo.

“Hatupaki kitu. Kinaachwa kikavu, kisafi, kianguke chenyewe.”

“Hata mafuta kidogo?”

“Hata tone.”

Mjane akawakumbuka wanawe sita. Vitovu vyao alivipaka kila kilichokuwamo nyumbani isipokuwa rangi ya ukuta. Walipona, maskini, kwa ukaidi wao na rehema za Mola.

“Na maji ya sukari?”

“Maziwa ya mama tu. Atakamua, tutamnywesha kwa kikombe.”

“Sasa Daktari mimi nimebakiwa na nini?”

“Kifua,” muuguzi akasema. “Na macho. Wadogo hivi husahau kupumua. Akitulia kupita kiasi, msugue mgongo, na uniite.”

Mjane mwenyewe husahau miwani, husahau sufuria jikoni. Hakujua kwamba pumzi nayo husahaulika.

Akakaa. Mgongo ukauma, haja ndogo ikabisha hodi, akaiambia isubiri. Akasali. Alianza kwa kumkumbusha Mungu mema aliyoyafanya, orodha ndefu, akaishiwa kabla ya saa sita. Baada ya hapo alibaki na neno moja tu: tafadhali.

Saa nane mchana kifua kidogo kilisimama. Hakupiga kelele. Alisugua mgongo kwa vidole viwili, mara moja, mara mbili, mara tatu. “Kumbuka, mjukuu wangu. Kumbuka.” Mtoto akashtuka, akavuta hewa, akalia kama mlango usiotiwa mafuta. Ndipo mjane alipomwita muuguzi, naye binti akamwita Mungu.

Jioni muuguzi alitia kipimajoto kwapani mwa mtoto, akakitazama, akakipeleka karibu na dirisha akakitazama tena.

“Haendi popote huyu,” akasema. “Joto limekaa sawa. Bibi, una kifua cha jiko.”

Binti akaushika mkono wa mjane, hakuuachia. “Mungu akulipe, mama. Mimi sina cha kukulipa.”

“Malipo ya nini? Bibi hulipwa kwa kumkumbatia mjukuu wake?”

Binti akafungua mdomo aseme jambo. Machozi yakamtangulia, akaufunga.

Saa ya kuwaona wagonjwa ikafika, na pamoja nayo mwana wa mjane, anahema, viatu vimejaa vumbi.

“Hata haya huna!” mjane akaanza. “Siku mbili nzima mkeo yuko...”

“Mama! Tangu asubuhi nakutafuta, nimeenda stendi mara tatu! Mke wangu yuko chumba cha pili, kitanda cha nne, anakulilia. Mtoto ananyonya mpaka anacheuka.” Akalitazama lile furushi kifuani mwa mama yake, kisha yule binti kitandani. “Hawa ni nani?”

Mjane alimtazama binti. Binti alitazama shuka, lakini ule mkono bado hakuuachia.

“Funga mlango, baridi inaingia,” mjane akasema. “Kisha msalimie mdogo wako.”