Neno Ambalo Hadia Hakulisoma

Mtoto aliruhusiwa kujua maneno mia tisa tu, na kila nyumba ilifungwa sikio ukutani la kuyachunga. Ndiyo maana Hadia, akimsomea bintiye Kibibi kitabu cha mabaharia waliofungwa kisiwani, kila alipofika penye "kutoroka" alisoma "kutembea".

Asubuhi moja, wakinywa uji, Kibibi akanuna.

"Mama, mbona unanidanganya? Mabaharia hawakutembea. Walitoroka! Nimesoma mwenyewe."

Hadia akaganda, kikombe mkononi. Sikio, ambalo halikuwahi kutoa sauti tangu lifungwe, likakohoa kidogo.

"Kibibi, mwanangu," likaita kwa upole.

Hadia akamtikisia bintiye kichwa: usijibu, lisije likahakikisha ni wewe. Lakini alikuwa amemlea vizuri mno. Mtoto akiitwa na mkubwa, huitika.

"Abee," akasema Kibibi.