Msimamizi Alipobisha Hodi

Mtu aliyemuua Samiha alivua viatu barazani, akabisha hodi kwa adabu, kama mgeni wa heri.

"Shikamoo, mwalimu."

Katika miaka yake sabini na minne, Mwalimu Uweso hakuwahi kuinyima shikamoo jibu lake. Siku hiyo aliinyima.

"Nani huyo?" Bi Asmahani, mkewe, aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Timotheo. Yule msimamizi wa mtihani."

Kisha pazia likasema: "Mwambie nyumba hii haina kahawa ya kumpa muuaji. Hata maji ya mtungini yamekauka."

"Mama ana haki," Timotheo alisema, akaketi bila kukaribishwa.

Samiha alikuwa mtoto wao wa pekee. Mchana alifundisha chekechea kule Mabawa, na shahada aliisomea nyumbani, kwa masafa, miaka sita. Vitabu vilimfikia kwa basi. Kazi zake alizituma kwa simu. Kila baada ya alasiri alijisomea chumbani kwa sauti, na baba yake, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani barazani, akajikuta anajua habari za viwanda vya Ulaya. Herufi za Kiarabu alimfundisha yeye mwenyewe, kabla binti hajazijua za shule. Mpaka ukubwani hata orodha ya sokoni Samiha aliiandika kwa herufi hizo. Alisema zinamkimbilia upesi zaidi. Mtaa wote wa Makorora ulikuwa ukimsubiri avae joho la kuhitimu.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho, wa historia, Uweso alimwandikia Ayatul Kursi, aya ya kinga, kwenye karatasi, akamwambia aiweke karibu na mwili. Saa nne Timotheo alikuta karatasi ndani ya mkono wa buibui la Samiha. Timotheo alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri. Herufi zile hakuzijua, wala kanuni haikumtaka azijue. Karatasi ngeni ni karatasi ngeni. Samiha akatolewa ukumbini, na chuo kikamfutia miaka yote sita.

Uweso alitaka kwenda kulalamika mpaka Dar es Salaam. Samiha alimshika kanzu.

"Baba, iache. Nakuomba, iache."

Hakujitetea hata kwa neno moja, na Uweso aliuona huo kuwa ndio uungwana aliomlea nao. Samiha akaacha kula. Miezi saba baadaye walimzika. Daktari alitaja vidonda vya tumbo. Makorora ilitaja dhuluma.

Tangu hapo, kila baada ya alasiri, Uweso alimsikia mle chumbani akisoma. Sauti ilikuwa ileile. Ikifika katikati ya sentensi inasita, inaanza upya. Asmahani naye aliisikia, lakini hawakuwahi kuambiana. Mmoja wao alinyanyuka tu akaongeza sauti ya redio.

"Mwenzenu namwona Samiha," Timotheo alisema.

Uweso akageuka.

"Kila nikisimamia mtihani. Yuko kwenye kiti chake, namba arobaini na moja, amenyoosha mkono anaomba karatasi ya ziada. Nikimpelekea, wanafunzi wananikodolea macho: huyu mzee anampa nani? Nikaacha kazi ya kusimamia, mwalimu. Sasa ananinyooshea mkono kanisani."

"Na akunyooshee mpaka kaburini!" lilisema pazia.

Timotheo akatoa bahasha mfukoni. Mikono yake ilikuwa imekonda, mishipa imesimama kama kamba.

"Ofisi ilipohama, mafaili ya zamani yalitupwa. Karatasi yake hii nikaiokota. Watu waliniambia nilimnyang'anya mtoto aya ya Mungu. Sikuthubutu kumwonyesha yeyote, niliogopa kujua. Lakini siku zangu zimekwisha, mwalimu, daktari hakunificha. Nisomee. Kama nilimwonea, niombe radhi nikiijua dhambi yangu. Na kama sikumwonea..."

Akampa bahasha.

Uweso akavaa miwani, akaikunjua karatasi. Mikunjo ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Akasoma kimyakimya kutoka kulia, midomo ikicheza kama ilivyo desturi yake anaposoma Kurani. Akafika mwisho. Akarudi juu, akasoma tena, polepole, safari hii akifuata kila mstari kwa kidole.

"Ni nini, mwalimu?"

Uweso alitazama pazia. Chini yake aliona vidole vya miguu ya mkewe, vimejikunja kwenye sakafu.

"Ni Ayatul Kursi," alisema.

"Si nilisema!" Asmahani akaangua kilio. "Si nilisema mimi! Mwanangu! Mwanangu hakuwa mwizi wa mtihani!"

Timotheo aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti ya Uweso, akalia kwa kwikwi. Uweso alimwekea mkono kichwani. Kwa mkono wa pili aliikunja karatasi.

"Nimekusamehe," Uweso alisema.

"Wewe umesamehe," Asmahani alijibu kutoka ndani. "Mimi bado!"

"Mama ana haki," Timotheo alisema tena. Akanyanyuka kwa kushika ukuta. "Basi nitakwenda kaburini na dhambi yangu hivyohivyo, mwalimu. Karatasi hiyo ni yenu." Akavaa viatu vyake, akashika njia ya stendi, na kila hatua chache alisimama kupumua.

Asmahani alipokwenda uani kutawadha, Uweso aliikunjua tena karatasi. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa Samiha, kwa herufi za Kiarabu alizomfundisha, mdogo, wa haraka: *Kuanguka kwa zao la mkonge, sababu. Moja, nyuzi za plastiki. Mbili, bei ya soko la dunia. Tatu, mashamba kutaifishwa. Nne...*