Mama Joyce Wawili

"Mimi bado hujanichoma, mwanangu," alisema Mama Joyce, akikaa kitandani kwake na kupandisha mkono wa gauni.

Lightness aliduwaa na sinia lake mkononi. Sindano ya sukari ya Mama Joyce alikuwa ameshaichoma. Alisimama katikati ya wodi, akaita "Mama Joyce!", mtu akaitika "Abee," naye akachoma. Sasa huyu anayetoka chooni ni nani?

Ni Mama Joyce. Na yule aliyeitika, bibi aliyelazwa asubuhi hiyo kitanda cha karibu na mlango kwa ajili ya mguu uliovimba, naye ni Mama Joyce. Kilosa nzima ina akina Joyce wangapi jamani? Tena bibi wa watu hakuwa na kisukari hata chembe.

Msimcheke binti. Wodi ile hakuna mzazi anayeitwa jina lake. Ukishazaa, jina ulilopewa na wazazi wako linawekwa kabatini, unaitwa kwa la mwanao, uwe mgonjwa, uwe mfagizi, uwe muuguzi mkuu. Ndiyo heshima. Kumwita mtu mzima "Costancia" mbele za watu, si bora umtukane tu?

Lightness alikimbia kwa muuguzi mkuu wa wodi.

"Shikamoo, Mama Samweli."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Mama Samweli alikuwa anajiweka sawa kola mbele ya kioo. Wageni kutoka mkoani walikuwa wameshafika, wamekuja kuangalia usalama wa wagonjwa, na gari lao lilikuwa limesimama pale nje. Simu yake ilikuwa ikitetemeka ndani ya droo, ikanyamaza, ikaanza tena. Hakuigusa. "Watu wa nyumbani Malolo hao," alisema. "Wakianza kupiga hawachoki. Haya, sema."

Lightness akasema yote. Mama Samweli akaufunga mlango taratibu.

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichotokea."

"Mama, sukari yake itashuka! Twende tukampe hata chai ya sukari, tumtundikie dripu..."

"Dripu ya nini, wageni wakiuliza? Umemsahau Vitalis?"

Nani wa kumsahau Vitalis! Alikosea dawa, akaenda kusema mwenyewe kwa mdomo wake. Mgonjwa alipona, lakini Vitalis alisimamishwa mbele ya wenzake akafokewa kama mwizi wa kuku, na mwisho wa mwezi hakuwa na kazi. Tangu hapo wodi ile ikawa na msemo wake: kosa ukilisema ni lako, ukilinyamazia ni la Mungu.

Tusimsingizie Mama Samweli roho mbaya. Aliogopa. Hata kifungo cha kola kilimshinda kufunga. "Kikao na wageni ni kifupi," alisema. "Wakiondoka tu, nitamhudumia mwenyewe kwa mikono yangu. Twende. Ukikosekana watauliza uko wapi."

Wakapita wodini. Yule bibi alikuwa amejifunika kanga mpaka kichwani, kanga yenyewe imelowa jasho. Tangu asubuhi alikuwa akichungulia uso wa kila muuguzi anayepita, na Lightness alidhani ni woga wa hospitali. Sasa hakuchungulia tena. Mkono mmoja tu ulikuwa nje ya kanga, vidole vikichezacheza. Lightness akapunguza mwendo.

"Usiangalie," Mama Samweli alinong'ona. Yeye mwenyewe alipita macho yakiwa sakafuni. Asiyeona haulizwi.

Kwenye kikao, mgeni mkubwa alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole wa sauti. "Hatukuja kumkamata mtu," alisema. "Tunataka kujua kitu kimoja. Kosa likitokea hapa kwenu, mnaambiana?"

Mtu akakohoa. Daktari Thadeo akaanza kuichunguza kalamu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akili yote ya Lightness ilikuwa kwenye vile vidole. Akajiinua nusu kwenye kiti, na chini ya meza kiatu cha Mama Samweli kikamkanyaga mguu, kikabaki hapo hapo.

"Kwetu makosa hayatokei," alisema Mama Samweli, akitabasamu.

"Hata moja?"

"Hata moja. Wagonjwa wetu tunawahudumia kama mama zetu wazazi."

Mgeni alimtazama kidogo, kisha akawageukia wengine. "Wengine je? Binti, wewe ulitaka kusema kitu."

Lightness alilia kabla hajasema. "Mgonjwa anakufa," alisema. "Kitanda cha mlangoni. Nimemchoma sindano isiyo yake."

"Huyu mtoto ana malaria," Mama Samweli alidakia haraka. "Tangu jana anaweweseka."

Hapo mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamume mwenye vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, kikombe cha uji mkononi, uji ukimwagikia viatu. Hakubisha hodi, hakutoa hata shikamoo kwa wakubwa waliokaa pale. Alipitisha macho kwenye zile sare nyeupe, moja baada ya nyingine, mpaka yakamfikia Mama Samweli.

"Joyce!" alisema. "Napiga simu tangu alfajiri hupokei. Nimemleta mama, wamemlaza pale mlangoni, nikaenda kumtafutia uji. Sasa namwita haitiki."