Nyonga za Chui

Miaka hiyo sakafu ya kila nyumba ilisoma hatua za wote walioikanyaga, na aliyeonekana ana nyonga mbovu alichukuliwa siku mbili kwenda kutengenezwa. Ndivyo alivyochukuliwa Chui, mtoto wa mbwa wa Mghoi, mwenye miezi minne na kimo cha ndama, kwa kuwa alikimbia akirusha miguu ya nyuma kwa pamoja kama sungura.

Alirudishwa akitembea sawasawa. Mghoi alimkagua kila mahali. Manyoya yalikuwa yaleyale, hata kovu la sikioni lilikuwepo. Lakini alipomwita, mbwa alimtazama kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chai.

“Huyu si Chui,” alimwambia mumewe, Mwakio.

“Mama watoto, usitafute shari pasipo shari.”

Siku ya tatu sakafu ilizungumza kwa sauti ya upole. Mama yake Mghoi, aliyekuwa akichechemea tangu masika, angechukuliwa Alhamisi na kurudishwa Jumamosi.

“Usiende, mama,” Mghoi alisihi, akimshika mkono.

Mama akacheka. “Kwa nini, mwanangu? Kwani mbwa hakurudi?”