Tone la Risasi

Nilichovya kidole kwenye chombo cha mafuta ya breki, nikanusa. Samaki! Mtu ametia mafuta ya kukaangia samaki ndani ya breki!

Gari lenyewe lilikuwa nyumba kuukuu ya magurudumu ya Wazungu wawili wazee, yenye jiko na vitanda. Walikuwa wamejikokota mpaka gereji yangu ya Busia, pedali ikizama hadi chini na usukani mzito kama jiwe la kusagia. Nikafungua na mafuta ya usukani. Harufu ile ile. Raba zote zilikuwa zimevimba kama maandazi.

"Mlinunua wapi takataka hii?"

Mzee akanipa mkebe mtupu. "Hapa hapa kwako, juzi. Tukatia kote kuwili."

Niliupindua. Chini palikuwa na tundu lililozibwa kwa tone la risasi ya kulehemu: mafuta halisi yalitolewa hapo, yakatiwa ya samaki. Katika gereji yangu anayelehemu ni mmoja tu, mdogo wangu Okwara.

"Okwara! Unataka kuua watu?"

"Polepole, kaka. Hao ni wapita njia. Wakishavuka kuingia Uganda, nani atarudi kulalamika?"

"Kwani mpita njia hana damu? Mikebe mingine iko wapi?"

"Ulikuwa umebaki mmoja. Asubuhi nimemuuzia dereva wa basi la Funyula, akautia kwenye breki pale pale..."

Honi ililia. Basi la Funyula lilikuwa linatoka steji kuelekea vilima vya Samia, na kwenye dirisha la mbele mama yetu alikuwa anatupungia mkono, akicheka.