Mama Paa na Lugha ya Kanga

Zama wanyama walipokuwa na shule, Mama Paa, aliyejivika mbio zake kama taji, alikwenda kumwachisha binti yake masomo.

"Lugha ya kanga itamfaa nini mwanangu? Maisha yetu ni miguu, Mwalimu Kobe, nawe mambo ya miguu huyajui."

"Miguu hukimbia, mama. Haijui iende wapi."

Mama Paa akacheka, akamtanguliza binti kuelekea majani marefu. Ghafla kanga wakapiga kelele.

"Mama, turudi. Wanasema chui yuko majanini."

Alitaka kumkaripia, lakini mtoto alikwishageuka, naye kwa upendo akamfuata. Nyuma yao chui aliruka, akaambulia vumbi.

Mama Paa alimshukuru Muumba, kisha akamwinamia Kobe.

"Mwalimu, kesho mnaanza saa ngapi?"

"Alfajiri, mama. Mje nyote wawili."